Ukienda Gozo, lala San Lawrenz

Wengi wanaofika Malta huitengea Gozo, kisiwa jirani cha nchi hiyo hiyo, siku moja: wanavuka asubuhi, wanazungushwa kwa basi la watalii, jioni wamesharudi. Mimi nasema tafuta chumba San Lawrenz ulale, hata usiku mmoja. Ni kijiji kidogo magharibi mwa kisiwa, wakazi hawafiki elfu moja, na ukishaliona kanisa na uwanja wake umekimaliza. Unalala pale kwa ajili ya Dwejra, ghuba iliyo bondeni, ambako unateremka kwa miguu. Kurudi ni kupanda, kwa hiyo beba maji.

Utaambiwa Dwejra imekwisha, kwa kuwa Azure Window, lile tao la mwamba lililopamba kila kadi ya posta, liliporomoka baharini wakati wa dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Usisikilize. Mabaki yake yako chini ya maji na wapiga mbizi huyafuata huko huko. Mimi nilipenda zaidi Inland Sea, bwawa la maji ya bahari lililozungukwa na majabali, lenye tundu la mita kama 80 linalopenya mwamba. Mashua ndogo hukupitisha humo hadi bahari wazi. Upepo ukichafuka hazitoki, hata ubembeleze vipi. Aliyelala atajaribu tena kesho. Wa siku moja ndiyo basi.

Nje ya ghuba kuna Fungus Rock, yaani Mwamba wa Uyoga. Watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliotawala Malta, waliamini mmea unaoota juu yake huzuia damu, na mwaka 1746 wakapiga marufuku watu kuukaribia mwamba. (Wala si uyoga, ni mmea wenye maua.) Mnara wao wa 1652 bado upo ufukweni.

Asubuhi nenda basilika ya Ta' Pinu, karibu na Għarb, ambako mwaka 1883 mwanamke wa kijijini, Karmni Grima, alisema alisikia sauti ikimwita. Ndani kuna vyumba vilivyojaa vitu vya shukrani vya walioamini maombi yao yamejibiwa: nguo za watoto wachanga, hata helmeti. Mabega yafunikwe, kanga inatosha.

Soketi ni za pini tatu kama zetu, na magari hupita kushoto. Nauli ya pantoni ya Ċirkewwa, bandari ya upande wa Malta, hulipwa unapotoka Gozo, kwa hiyo usishangae ukivuka kwenda bila kudaiwa.