Kwa uliyewekewa X Tanga: tulilipwa kuta, lakini tulikuwa tunakula kwa baraza

Mdogo wangu uliyeuliza kuhusu nyumba ya marehemu baba yenu kuwekewa X, ile alama ya kubomolewa, kwamba barabara inapanuliwa na ndugu mmegawanyika, wengine wanataka fedha zigawanywe kila mtu ajijue, wengine wanataka mnunue kiwanja kimoja nje ya mji mjenge pamoja: nimesoma swali lako mara tatu, na moyo uliniuma. Nyumba yetu ilivunjwa kupisha barabara hapa hapa Tanga, sasa ni zaidi ya miaka kumi. Nitakueleza yaliyotupata sisi na majirani. Ni marefu, nivumilie.

Kabla ya yote, hukusema X yenu ni ya rangi gani. Usilipuuze hilo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabiwa kuwa ameifuata barabara, anapigiwa nyekundu na halipwi kitu. Aliyekuwa nje ya 22.5, ila sheria mpya ikamkuta ndani ya 30, huyo barabara ndiyo imemfuata. Anapigiwa ya kijani na ana haki ya fidia. Chukueni futi kamba, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, pimeni wenyewe kutoka katikati ya barabara ilivyo leo, kabla haijachimbwa, na muandike. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alipimiwa vibaya, akadai kupimwa upya mbele ya watu, na alama yake ikabadilishwa. Angenyamaza, angeondoka mikono mitupu.

Sasa nikwambie nyumba yetu ilikuwaje, maana ndiyo hoja yangu yote. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na kisima, mbele baraza inayotazama barabara. Sisi tulikaa vyumba vitatu, vitatu tumepangisha. Asubuhi mama aliuza mbaazi za nazi na maandazi pale barazani, jioni bajia na kachori. Mdogo wangu wa kiume alikuwa fundi baiskeli chini ya mwarobaini uliokuwa pembeni ya baraza, na unaijua Tanga kwa baiskeli, kazi haikukosekana. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na mifereji mitatu ya fedha: kodi, chakula cha mama, na baiskeli. Yote mitatu ilikauka siku moja.

Fidia haikuuona mfereji hata mmoja. Waliokuja kuthamini waliona kuta, bati, choo, kisima na miti. Kwenye kuta wakakata uchakavu, na nyumba ya miti na udongo iliyopigwa lipu ukiikatia uchakavu hubaki kidogo sana, ingawa watu kumi na wawili walilala humo na walikuwa wanaishi vizuri.

Kanuni za uthamini za mwaka 2001, zilizo chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, si mbaya ukizisoma. Zinataja thamani ya ardhi na kilichojengwa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba kwa miezi 36, usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, na faida iliyopotea, yaani faida halisi ya mwezi ukiizidisha mara 36. Hebu iangalie hiyo ya mwisho. Bajia za mama kwa miezi 36! Zingetosha kuinua chumba. Lakini kanuni hiyo hiyo inagusia hesabu zilizokaguliwa. Mthamini, yaani yule kijana aliyekuja kukadiria thamani ya mali, alimwuliza mama kwa adabu kabisa: una leseni? Una hesabu? Mama akaingia ndani akaleta daftari alilokuwa nalo, daftari la wadeni. Kijana akalitazama, akamrudishia. Kwenye fomu, mahali pa biashara, akapiga mstari.

Ule mstari ndio uliotumaliza. Kwa hiyo leo hii, kabla mthamini hajafika, kila anayeuza chochote mbele ya nyumba yenu aanze daftari: kimeingia kiasi gani, unga na mafuta kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Mwenye kitambulisho cha mjasiriamali akitoe. Ombeni barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema fulani anafanya biashara hapa tangu mwaka fulani. Pigeni picha meza ikiwa imejaa, wateja wamesimama. Mikataba ya wapangaji iandikwe hata kama mmekaa nao miaka kumi kwa maneno ya mdomo. Na msitie saini fomu ambayo sehemu yake yoyote iko tupu.

Nije kwenye mirathi, maana hapo ndipo swali lako lilipo.

Baba alikuwa amefariki miaka sita kabla, na hatukuwa tumefungua mirathi. Nani afungue mirathi wakati mama yupo ndani na hakuna ugomvi? Orodha ya malipo ilipotoka, jina lilikuwa la marehemu, na marehemu hana akaunti. Ikabidi tukae kikao cha ukoo, twende Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, siku za pingamizi zipite, ndipo kaka mkubwa akathibitishwa kuwa msimamizi. Ilichukua miezi. Majirani waliokuwa na karatasi zao walilipwa mapema wakanunua viwanja. Sisi tulipoingia sokoni bei zilikuwa zimeshapanda, kwa sababu madalali wote walijua mtaa mzima una fedha na mtaa mzima hauna pa kulala.

Tukagawana kwa faraidhi, mgawo wa mirathi wa Kiislamu. Tulikuwa mama, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mama thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, kila binti thumuni, kila kijana thumuni mbili. Hisa nane, zimeisha. Hesabu ilikuwa ya haki na sina neno nayo, hasa kwa sisi wanawake, maana nimeona nyumba nyingine mabinti wakiambiwa wasubiri na mpaka leo wanasubiri. Ila hakuna kati ya hizo hisa nane iliyotosha kununua kiwanja na kuinua kuta. Kaka mkubwa akanunua pikipiki, ikaibwa mwaka uliofuata. Dada mmoja akalipa madeni ya mumewe. Mwingine alinunua kiwanja ambacho baadaye kilikuwa na wenyewe wawili. Mama, na thumuni yake iliyofungwa kwenye kanga, alianza kuzunguka: miezi mitatu kwangu, miezi miwili kwa kaka, Ramadhani kwa dada. Miaka kumi na kitu alikuwa na ufunguo wake, sasa anaomba ruhusa ya kuanika nguo. Hilo silisahau.

Hatimaye mama, mimi na mdogo wangu wa kiume tuliunganisha kilichobaki. Kwa hesabu, sisi watatu tulikuwa na hisa nne kati ya nane, nusu ya fedha yote. Lakini ilikuwa imepita miaka miwili na nusu hiyo ilikuwa imeshaliwa na kodi na nauli. Tulipata kiwanja upande wa Pongwe, pembezoni mwa mji, na kujenga vyumba viwili.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu zako ni hili: haki ya kila mtu ibaki yake, asilazimishwe mtu wala asidhulumiwe. Lakini hisa si lazima itolewe noti mkononi. Mnaweza kuandikiana, mbele ya msimamizi wa mirathi na mashahidi, kwamba fedha yote inanunua nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo kila mmoja ana hisa yake ile ile aliyokuwa nayo. Anayetaka kutoka baadaye ananunuliwa na wenzake. Nimeona familia moja ya Makorora ilifanya hivi, na bibi yao amefia kitandani mwake. Fungueni mirathi wiki hii, msisubiri orodha. Na akaunti itakayopokea fedha isiwe ya mtu mmoja peke yake.

Kuhusu kwenda nje ya mji: ukipiga hesabu ya kiwanja, piga na ya nauli. Sisi tulipiga ya kiwanja tu. Watoto walibaki kwenye shule ya mjini kwa sababu ilikuwa mwaka wa mtihani, kwa hiyo daladala asubuhi na jioni, watu wawili, siku tano. Mama alijaribu kukaanga bajia pale tulipohamia. Magharibi ikiingia hapakuwa na mpita njia. Wateja wake wa zamani walikuwa watu wanaorudi kazini kwa miguu na baiskeli, wanaomjua kwa jina, na aliyekosa fedha leo alilipa Ijumaa. Pale hakumjua mtu wa kumkopesha, wala yeye hakujulikana dukani hata akope sukari. Tena kikundi cha kufa na kuzikana tulichochangia miaka yote kilibaki kule. Mama alipolazwa hospitali ya Bombo, waliokuja na uji ni wa mtaa wa zamani, na walitoka mbali.

Mdogo wangu fundi yeye hakukaa. Amerudi karibu na pale pale, anakodi nafasi ya futi chache kando ya duka la watu, analala kwa rafiki, nyumbani anakuja Jumamosi jioni. Mkewe analea watoto kama vile mume yuko safarini.

Wapangaji wetu sitaki kuwapita kimya. Mmoja alikuwa mjane anayeuza samaki, amekaa kwetu miaka tisa. Alipata taarifa ya kuhama, basi. Fidia ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Kama mradi wenu una fedha za mkopo wa nje, ulizeni mapema ni za nani. Benki ya Dunia, kwa mfano, kwenye viwango vyake vilivyoanza kutumika 2018, inamhesabu hata mpangaji na mwenye kibanda asiye na hati kuwa mtu aliyeathirika. Waambieni wapangaji wenu wawepo siku ya kuhesabiwa, majina yao yaandikwe.

Nilipokuwa natafuta kujua kama ni sisi tu, nilisoma habari za Mumbai, India. Kule mradi wa reli na barabara, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2002, ulihamisha watu wapatao laki moja. Wengi walipewa vyumba vya bure kwenye maghorofa, kama mita za mraba 21 kwa familia. Waliokuwa wamekaa kandokando ya reli walipata ukuta imara. Lakini walioanza kupeleka malalamiko rasmi, mwaka 2004, walikuwa wenye maduka, na 2006 benki ikasimamisha sehemu ya mkopo kwa miezi kadhaa. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikamkumbuka mama na daftari lake.

Na kungoja nako kunaua. Watu wa Kipawa, Dar es Salaam, walifanyiwa uthamini 1997 kwa ajili ya uwanja wa ndege, wakaja kulipwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Muda wote huo huwezi kuongeza chumba, wala kukopa kwa nyumba hiyo, wala kumpata mpangaji wa maana. Siku hizi sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia unakufa baada ya miaka miwili, na malipo yakipita miezi sita yanadaiwa riba. Andikeni tarehe ya kila karatasi mnayopewa.

Sitasema kila mtu aliumia, ingekuwa uongo. Jirani yetu mmoja alikodi fremu ndogo mjini kabla hata ya kulipwa, akahamishia duka lake huko kwanza, wateja wakamfuata wakiwa bado wanamkumbuka. Nyumba akajenga polepole, chumba na sebule, akahamia bila plasta. Leo ana vyumba vitano na choo cha ndani. Na barabara yenyewe ni nzuri, mgonjwa anafika hospitali haraka, hilo tunalishukuru. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye alihamisha riziki kwanza, nyumba baadaye.

Uliuliza mwishoni kama mumpeleke mama yenu kwa dada yake Muheza wakati mnajenga. Kama anaweza kubaki mjini, tafuteni chumba cha kupanga mtaa ule ule au wa jirani, hata kimoja, hiyo posho ya makazi ndiyo kazi yake. Mwacheni karibu na msikiti wake na wanawake wenzake. Mumhamishe mwisho kabisa, siku ambayo maji yameshafika na kuna mtu mmoja kwenye mtaa mpya anayemjua kwa jina.