Herufi tano na kura ya usajili

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama wanachama wa klabu zetu kubwa za soka wapewe kura ya kuamua mchezaji gani asajiliwe na yupi aachwe. Jibu langu ni hapana, na nililiandika nyuma ya risiti ya nyuzi kabla hata sijamaliza kulisoma swali lenyewe. Nilipolisoma mara ya pili niligundua kwamba hapana yangu ilikuwa inajibu swali jingine ambalo ninyi hamkuliuliza, nalo ni hili: mchezaji anapoondoka, sisi tuliokuwa tukimwimba tunabaki na nini mkononi, na ni nani aliyepaswa kutuambia kwamba anaondoka.

Niseme kwanza nilipo. Mimi ni Simba tangu utotoni, na ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo ni mtu wa Coastal Union pia, maana mzaliwa wa mji huu hawezi kupita Mkwakwani, uwanja wa nyumbani wa Coastal, kila siku akajifanya haoni kitu. Wenye mapenzi mawili kama mimi tunaujua usajili kwa upande wa anayechukua na kwa upande wa anayechukuliwa. Bakari Mwamnyeto wa Coastal alipokwenda Yanga, watani wa Simba, mwaka 2020, hakuna aliyetuuliza maoni yetu, na tulishukuru tu kwamba kijana wetu amepata. Kisha Juni 2024 Simba ikamtangaza beki wetu wa Coastal, Lameck Lawi, klabu mbili zikagombana juu ya makubaliano, na msimu ule Lawi hakuichezea Simba. Niliishi siku zile nikiwa sijui nimlaumu nani, kwa sababu kila upande niliougeukia ulikuwa wangu.

Lawi hajatulia vizuri midomoni mwa watu, likaja la Chama.

Sina haja ya kuwaeleza Clatous Chama, yule kiungo Mzambia, alikuwa nani kwetu Simba. Bao lile la kisigino dhidi ya Nkana, Desemba 2018, ndicho kilichotutia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na bao lake la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita, Machi 2019, ndilo lililotupeleka robo fainali. Agosti 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco, mwezi uleule ambao mwenzake Luis Miquissone alichukuliwa na Al Ahly ya Misri, na Januari 2022 akarudi. Mtu akishaondoka akarudi, unaanza kumhesabu kama nyumba ya urithi, kitu ambacho hakuna tena atakayethubutu kukitia mnadani. Jumatatu ya Julai 1, 2024, mkataba wake Msimbazi, yaani Simba, ukiwa umekwisha, Yanga ikamtangaza.

Jumanne asubuhi nilikuwa bado naitia cherehani mafuta alipoingia mzee mmoja, mstaafu wa bandarini na mteja wangu wa miaka mingi, jezi yake nyekundu ameikunja na kuibana kwapani kama mtu anayeficha nyama isionwe na majirani. Jezi ile niliijua vizuri, kwa sababu jina la mgongoni nilimshonea mimi. Mzee yule hayataki majina ya kubandikwa kwa mashine ya moto, anasema yanabanduka kabla ya mzunguko wa pili wa ligi. Aliniletea kitambaa cheupe cha satini, nikamkatia C, H, A, M na A, nikazizungushia zigizaga mara mbili, na chini yake nikaweka 17. Kazi ile ilikula mchana mzima, nami nilimtoza nusu ya bei, kwa kuwa nilikuwa naishonea furaha ambayo ilikuwa yangu pia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Fumua."

Nilimwomba aniachie jezi hadi Alhamisi, nikitumaini kwamba siku mbili zingeipoza hasira. "Alhamisi utaniambia sindano imevunjika," alisema, akakaa kwenye benchi la wateja na kuniangalia mikono. Nikachukua wembe.

Wasomaji wenzangu ambao hawajawahi kufumua zigizaga iliyopigwa mara mbili wanisamehe nikichelewa hapa. Unaanzia upande wa ndani, unakata uzi wa chini kipande kwa kipande bila kuugusa mwili wa kitambaa, kisha unageuza na kuvuta. Herufi moja yenye kona nyingi kama M inaweza kukumaliza subira. Wakati nafanya hivyo, nje ya kibanda, kwa muuza kahawa, kesi ilikuwa imeshaanza. Mmoja alisema Chama ana miaka 33 na kwamba mtu wa umri huo ukimpa mkataba mrefu umejifunga mwenyewe. Mwingine alisema ndiyo, lakini kumwacha aende bure, tena kwa mtani, ni sawa na kumpa mwizi ufunguo kisha ukamwonyesha na mlango. Wa tatu akaleta hesabu ya wageni: kila timu ya Ligi Kuu inaruhusiwa wachezaji wa kigeni 12, kwa hiyo anayetaka kiungo mpya kutoka nje lazima amfungulie mtu mlango wa kutokea, naye akaanza kuwahesabu kwa vidole akakosea mara mbili. Palikuwa pia na kijana wa bodaboda, Yanga wa kuzaliwa, ambaye asubuhi ile hakutia neno. Alikuwa anapuliza kahawa yake na kutabasamu ndani ya kikombe, na hilo liliuma kuliko maneno yote.

Mzee aliwasikiliza kitambo, kisha akasema kutoka pale benchini, si kwao bali kwangu, kwamba Chama akiwa na mpira ni mfalme, lakini mpira ukiwa kwa adui yeye husubiri arudishiwe, na wanaomkimbilia kwa niaba yake wamechoka. Akanieleza ni mechi zipi na ni upande gani wa uwanja pengo lilikuwa linaonekana. Nilikuwa sijawahi kusikia uchambuzi ulionyooka namna ile, hata redioni.

"Umeanza lini kuyaona hayo, baba?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukuwahi kuyasema?"

"Ningeyasemaje, mwanangu, nami jina lake nimelivaa mgongoni?"

Nilipoitoa herufi ya mwisho, tuliinyoosha jezi mezani. Kitambaa kilichokuwa kimefunikwa na satini kilikuwa chekundu kama siku kilipotoka dukani, na kote kuzunguka jua na sabuni vilikuwa vimekipausha. Jina lilikuwa limeondoka, na lilisomeka vilevile. Nilimwambia kwamba litafifia likipigwa jua miezi michache. Kuhusu ile 17 alinizuia mkono: "Namba acha. Namba ni ya klabu, jina ndilo lililohama." Akalipa bei kamili, akakataa punguzo, akidai kwamba punguzo la siku ile lilikuwa la furaha na leo hakuna furaha ya kupunguzia. Herufi nilizitia katika kopo la biskuti ninalowekea vifungo.

Alirudi msimu ukiwa umeshika kasi, na jezi ileile. Hakulitaja jina la Chama hata mara moja. Alitaka nimwandikie AHOUA, yule kiungo kutoka Ivory Coast, Jean Charles Ahoua, aliyesajiliwa Julai hiyohiyo. Nikafungua kopo. Naomba mchukue kalamu muyaandike majina yale mawili, moja juu ya jingine, mtaona nilichokiona: yote yana herufi tano, H inakaa palepale, na A ya mwisho inakaa palepale. Nilizirudisha hizo mbili juu ya vivuli vyao wenyewe, nikaihamisha A ya katikati kwenda mwanzo, na kilichobaki kilikuwa kukata O na U tu. Nilimtoza herufi mbili. C na M zimo kopo­ni mpaka leo. Vijana wa kahawa walimcheka kwamba anatembea na jina la Ahoua juu ya namba ya Chama, naye akawajibu kwamba yeye hasajiliwi na TFF, shirikisho la soka.

Nimeyasimulia haya kwa urefu, na najua hamkuuliza habari za cherehani, lakini hapana yangu ilitoka hapo. Kama mngempelekea mzee yule karatasi ya kura Juni 30, 2024, angeweka alama ya kumbakiza Chama, huku akijua moyoni mambo yote aliyokuja kunieleza Jumanne. Mimi pia ningeiweka. Matawi yote ningeyatarajia yafanye hivyo. Na ile nafasi ya mgeni mmoja ingekuwa imekaliwa, Ahoua asiipate. Ahoua alimaliza msimu wa 2024/25 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-0 Berkane na kutoka sare ya 1-1 Amaan, Zanzibar, mbele ya Berkane ileile iliyomchukua Chama mwaka 2021. Chama mwenyewe alikaa Jangwani, kwa Yanga, msimu mmoja akaondoka. Ni kweli kwamba ubingwa ulibaki kwa Yanga, na kwamba Juni 25, 2025 walitufunga 2-0, kwa hiyo sisemi kwamba waliokaa mezani walipatia kila kitu. Nasema tu kwamba sisi tungekosea, tena tungekosea tukiwa na taarifa sahihi mkononi.

Hata hivyo, nikijilazimisha kuwa mkweli, mfano mmoja hautoshi, na upo unaokwenda kinyume. Mwaka 2021 tungepigishwa kura, tungekataa kuwaachia Chama na Miquissone kwa mkupuo mmoja, na hapo tungekuwa na hoja, kwani msimu uliofuata Yanga ilichukua ubingwa tuliokuwa tumeushika miaka minne mfululizo. Mtasema klabu ilihitaji fedha, na wachezaji wenyewe walitaka kwenda. Nakubali yote mawili, na ndiyo maana sijui ningeipigaje hiyo kura leo. Emmanuel Okwi, aliyewafunga Yanga mawili katika zile 5-0 za Mei 2012, aliuzwa Étoile du Sahel Januari 2013, kabla mwaka haujaisha akawa mchezaji wa Yanga, na mwaka 2014 akarudi kwetu. Kwa kura zetu Okwi angekuwa amefukuzwa uraia wa Msimbazi maisha, na mabao aliyotufungia baadaye tusingeyaona. Moyo wa shabiki hubadilika dirisha kubwa la usajili na dirisha dogo, na katikati ya madirisha hubadilika kila Jumapili. Hiki si chombo cha kupimia mkataba wa miaka miwili.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Kinachonizuia ni Mohamed Hussein, Tshabalala. Yeye alikuja Simba mwaka 2014, akakaa miaka kumi na moja, akawa nahodha, na mwaka 2025 akavuka kwenda Yanga. Hoja zote nilizozipanga kwa Chama nimejaribu kuzipanga kwake, na hazikai. Si mgeni, kwa hiyo hakula nafasi ya mtu katika wale 12. Hakuwa mtu wa kuja na kuondoka. Najua kwamba mchezaji ana mkataba na familia, kwamba miguu yake ina miaka michache ya kuchuma, na kwamba nami nikiahidiwa kibanda kikubwa zaidi barabara ya pili sitaitisha kikao cha wateja wangu. Akili yangu inamruhusu aende. Lakini habari ilipotoka, mzee wa bandarini hakuleta jezi yoyote. Alisimama mlangoni tu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nani amekwambia?"

"Kijana wa bodaboda."

"Na mimi pia."

Akaenda zake. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba wanachama, ambao katika mfumo mpya wa klabu yetu tunaambiwa tuna asilimia 51 dhidi ya 49 za mwekezaji, hatupaswi kuwa watu wa mwisho kujua. Sizungumzii usiri wa mazungumzo ya dau. Mezani pakiwa na mwenye fedha nyingi zaidi, kusema mapema ni kuharibu biashara, hilo nalielewa. Nazungumzia nahodha, au mchezaji yeyote aliyefikisha miaka kumi katika jezi moja. Mtu wa namna hiyo mkataba wake ukibakiza miezi sita, wanachama waulizwe, kwa kura ya siri, kama klabu ijitahidi kumbakiza hata kama itabidi ijinyime kwingine. Kura hiyo isimfunge mchezaji, na isimfunge mwalimu katika kumpanga. Iufunge uongozi tu, na kwa jambo moja: kutoa ofa yenye maana na kutueleza jibu lilikuwa nini. Mabeki wa kati nawatoa katika utaratibu huu, kwa sababu kuhusu mabeki wa kati mashabiki wote wa nchi hii tuna wazimu. Na Coastal nao wapewe haki hiyohiyo, ingawa sijui kama Mkwakwani kuna mchezaji ambaye klabu kubwa zingemwacha afikishe miaka kumi.

Kwa hiyo, Mhariri, ile hapana ya nyuma ya risiti naifuta. Mkihesabu majibu ya wasomaji, langu liwekeni katika ndiyo, pamoja na masharti yake yote. Na kama utaratibu wenu hauruhusu ndiyo yenye masharti, basi lirudisheni katika hapana, sitalalamika.