Jina la ukoo Ng: linatamkwaje, na lina maana gani?

Ndugu, umeuliza kama wateja wako wawili wanaoitwa Ng, mmoja wa Hong Kong na mwingine wa Singapuri, ni wa ukoo mmoja, na jina lisilo na irabu hutamkwaje.

Kwenye matamshi sisi tuna bahati. Anza kusema "ng'ombe", kisha ishia kwenye ng' kabla hujafika kwenye o. Inasimama yenyewe kama silabi, sawa na m ya "mtu". Tafadhali usimwite mtu "Engi".

Undugu ni suala jingine. Kwa Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, Ng mara nyingi ni 吳, jina la dola ya kale iliyokuwa upande wa chini wa mto Yangtze. Kwa Kimandarini, Kichina sanifu, huandikwa Wu. Ila laweza pia kuwa 伍, herufi inayohusiana na tano na kikosi cha askari watano. Kwa Wahokkien, Wachina wenye lugha yao nyingine na ambao ni wengi Singapuri, Ng ni 黃, yaani njano, na hilo Mkantoni huliandika Wong! Kwa hiyo tahajia ya Kilatini haikusaidii hapa. Mwombe kila mmoja akuandikie jina lake kwa Kichina.