Waliofichwa nyuma ya neno "mke wa"

SWALI: Jambo, Mama. Ninafundisha darasa la sita katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Kila mwaka tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, inapokaribia tunachanga franka za kikwembe (kitenge), tunashona, tunaandamana, kisha tunarudi nyumbani. Safari hii niliwaomba wanafunzi waandike majina ya wanawake watano mashujaa wa nchi yetu. Wengi waliandika Kimpa Vita, nabii wa ufalme wa zamani wa Kongo, kisha kalamu zikasimama. Mmoja aliongeza "mke wa Lumumba", na nilipomwuliza jina lake alinyamaza. Ukweli ni kwamba hata mimi sikulijua. Nifanye nini ili sherehe yetu isiishie kwenye kikwembe?
Mwalimu, Katuba

JIBU: Mwalimu wangu, asante kwa kukiri jambo ambalo wengi wetu tungelificha. Kwanza nimjibu mwanafunzi wako: mke wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi yetu, aliitwa Pauline Opango. Ninaanza na yeye kwa sababu habari yake inatugusa sisi wa Lubumbashi kwa namna yenye uchungu. Mumewe aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huko Shilatembo, si mbali na mji wetu. Tunapajua mahali, tunaijua tarehe, tunayajua majina ya wenzake wawili waliokufa pamoja naye, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza mjane alifanya nini habari ilipomfikia?

Kifo hicho kilitangazwa hapa hapa, katika mji ulioitwa Elisabethville wakati ule, tarehe 13 Februari, karibu mwezi mzima baada ya mauaji yenyewe. Pauline alikuwa Léopoldville (Kinshasa ya leo), mwanamke kijana ambaye watoto wake wakubwa walikuwa wamekwisha kupelekwa Misri ili wasalimike. Alitoka nje kifua wazi, katika hali ya maombolezo ya mjane, akatembea kwa miguu katikati ya mji pamoja na ndugu zake hadi makao ya Umoja wa Mataifa, akadai apewe mwili wa mumewe amzike. Mwalimu, simama kidogo hapo unaposoma na wanafunzi. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wale wale waliomkamata mumewe na kumtoa akiwa amefungwa kamba. Naye, asiye na silaha wala cheo, akapita mbele ya macho yao akiwa na dai moja ambalo hakuna mtu mwenye haya angeweza kulikataa. Hakupewa kitu, kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha kuyeyushwa kwa asidi ili usionekane kamwe. Jino moja lililobaki lilirudishwa na Ubelgiji mwezi wa Juni 2022. Pauline alikuwa amefariki tangu Desemba 2014, baada ya ujane wa karibu miaka 54 bila kaburi la kupalilia.

Wa pili ninayekuomba umwingize darasani ni Marie Muilu, na huyu naye anatuhusu. Wakaaji wengi wa mji huu wamesikia kwamba Simon Kimbangu, mhubiri aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu, alifungwa hapa, na kwamba alifariki hapa tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya kifungo cha miaka 30. Muilu ndiye mke aliyebaki upande wa pili wa nchi, huko Nkamba na kandokando yake, na watoto watatu wa kiume wa kulea, huku serikali ya kikoloni ikiwa imepiga marufuku mafundisho ya mumewe na kuwahamisha wafuasi wake kwa nguvu hadi mikoa ya mbali. Kimbangu alikuwa amehubiri hadharani kwa miezi michache tu ya mwaka 1921 kabla hajakamatwa. Mkewe aliliongoza kundi hilo kwa siri kwa miaka zaidi ya 35. Pima mwenyewe uzito wa hesabu hiyo. Mfungwa huhesabiwa kila mwaka wa gereza lake, na ni haki. Aliyeachwa nje na mzigo wote hakuhesabiwa kitu. Muilu alifariki Aprili 1959, na Desemba ya mwaka huo huo kanisa likaruhusiwa rasmi. Uongozi ulipokewa na Joseph Diangienda, mtoto wa mwisho ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemlea.

Unaona sasa njia ninayokupendekezea. Vitabu vya shule vimejaa wanaume waliokamatwa, waliofukuzwa na waliouawa. Kila mnapokutana na mmoja wao, wafundishe watoto kuuliza swali hili: siku iliyofuata, nani aliamka na kuendelea na kazi? Kila mwanafunzi amchukue mwanamke mmoja, aandike ukurasa mmoja wenye jina lake alilozaliwa nalo na jambo alilolifanya siku moja ya maisha yake, kisha ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya wazazi kabla ya maandamano kuanza. Kikwembe kivaliwe, mimi sikipingi; mama zetu wana haki ya kupendeza.

Na Kimpa Vita pia msimwache kwenye moto peke yake. Watoto wanajua kwamba alichomwa tarehe 2 Julai 1706, akiwa na umri wa miaka ipatayo 22. Waambie pia kwamba kabla ya hapo binti huyo aliwaongoza maelfu ya watu kurudi Mbanza Kongo, mji mkuu uliokuwa umebaki mahame kwa sababu ya vita vya wakubwa waliogombea ufalme. Kama kuna mtoto ambaye wazazi wake wanatoka Kapanga, mtume akawaulize habari za Rukonkesh, mwanamke mwenye cheo cha mama wa mfalme katika baraza la Mwant Yav, mfalme wa Walunda, ambaye tangu zamani ana watumishi wake na sauti yake mwenyewe katika mambo ya utawala.

SWALI: Mama, baba yangu husema kwamba wanawake hawakushiriki katika kuleta uhuru, kwa kuwa hata kura hawakupiga. Nimjibu nini?
Binti wa Rwashi

JIBU: Mwanangu, mkubalie baba yako lile lililo kweli. Katika uchaguzi wa Mei 1960 waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Wanawake walipata haki hiyo mwaka 1967. Kisha mweleze kwa heshima habari za Andrée Blouin. Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, mama yake Mwafrika na baba yake Mfaransa, akalelewa na masista huko Brazzaville katika nyumba ya watoto machotara. Mtoto wake René alipougua malaria akiwa na miaka miwili alinyimwa kwinini, kwa sababu dawa hiyo iliwekewa Wazungu, na mtoto akafa. Mama huyo aliyazika machozi yake katika kazi. Mwaka 1960 alizunguka vijiji vya Kwilu na Kwango pamoja na chama cha mwanasiasa Antoine Gizenga, akiwaandikisha wanawake kwa maelfu katika umoja wao wenyewe, kisha akawa mkuu wa itifaki katika serikali ya Lumumba. Mwishoni mwa mwaka huo huo alifukuzwa nchini.

Nadhani hoja ya baba yako inageuka hapo. Wanawake hao walitembea jua kali kuwaombea kura watu wengine, wakijua kwamba wao hawatashika karatasi hata moja. Kama huko si kushiriki, basi neno hilo halina maana. Miaka sita baadaye, mwaka 1966, Sophie Kanza aliingia serikalini akiwa waziri wa kwanza mwanamke wa nchi yetu.

SWALI: Nkambo (bibi) wangu ana miaka zaidi ya 80. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, akaolewa humo humo. Miaka ambayo mishahara ilikatika, ni yeye aliyelisha watu tisa kwa kuuza makala (makaa ya kupikia) na vitumbua. Nikimwambia kwamba yeye ni shujaa anacheka, anasema hana historia. Je, nimlazimishe kusimulia?
Kijana wa Kamalondo

JIBU: Usimlazimishe, mwanangu, na wala usimwombe "historia". Neno hilo linawatisha wazee wetu, kwa sababu walifundishwa kwamba historia ni mambo ya wafalme na magavana. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za wakaaji wa kawaida wa mji huu, pamoja na vitu vyao vya nyumbani, na kazi hiyo imeonyesha wazi kwamba sufuria na cherehani humfungua mtu kinywa kuliko maswali makubwa.

Mimi nilijifunza hivyo kwa nkambo yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi alinijibu kwa neno moja moja. Siku moja nilitoa kabatini kopo lake la bati, lenye ukingo uliokunjika upande mmoja, nikamwuliza kwa nini halitupi. Alilishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye alama aliyoikwaruza ndani kwa msumari, akasema alama ile ndiyo kipimo cha unga ambao kila mlo usingeupita ili poso, yaani posho ya chakula ya kambi, ifike siku ya poso nyingine. Kuanzia hapo alisimulia hadi giza likaingia: foleni ya wanawake, karani aliyepunja kipimo, jirani aliyefiwa na mume katika mgomo wa Desemba 1941, askari walipowapiga risasi wafanyakazi kwenye uwanja wa mpira, na jinsi wanawake wa mstari ule wa nyumba walivyogawana unga ili mjane yule asirudi kijijini na njaa.

Kwa hiyo keti naye jioni, anapomenya au anapochagua mboga, na mikono yako iwe na kazi pia. Mwulize kitumbua cha kwanza alikiuza kwa bei gani, na makala aliyanunua wapi na kuyabeba kwa kitu gani. Weka simu inayorekodi juu ya meza baada ya kumwomba ruhusa. Andika majina ya wanawake wenzake wote anaowataja, kwa sababu wengi wao hawana mtu mwingine aliyebaki wa kuwataja, na utuletee tuyachapishe katika toleo lijalo.