PET ya PSMA au kutoa tezi za limfu: ipi nafuu kabla ya mionzi ya tezi dume?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko kitengo cha madai kwenye bima, Mombasa. Tuna mzee wa miaka 66, saratani ya tezi dume, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 24, Gleason (alama ya ukali wa saratani, mwisho 10) 8, amepangiwa mionzi. Madaktari wake wameomba PET ya PSMA, ile picha ya mwili ambayo dawa yenye mionzi kidogo inanata kwenye saratani ya tezi dume ikang'aa. Bosi anauliza mbona tusilipie upasuaji mdogo, zitolewe tezi za limfu za nyonga zikapimwe kama saratani imefika huko, si ndo jibu la uhakika?

JIBU: Marahaba. Kwa uhakika bosi wako yuko sawa, hakuna picha inayoshinda tezi iliyotolewa ikakatwa ikaangaliwa kwa hadubini. Tatizo liko kwenye bei. Kama mzee angekuwa anaenda kutolewa tezi dume yenyewe, daktari akiwa ashaingia anachukua na limfu humohumo, ganzi ileile, kitanda kilekile, bili inapanda kidogo tu. Lakini huyu anaenda mionzi, kwa hiyo upasuaji unakuwa safari nzima ya peke yake, ganzi ya kulala, thieta, wodi, patholojia, halafu mionzi inasubiri kidonda kipone. Mdogo siwezi kuuita.

Na kuna gharama ambazo kwenye fomu hazipo. Tezi zikishatolewa, maji ya limfu yakikosa njia yanajikusanya nyongani, ukiweka ultrasound unaona mfuko mweusi wa maji umekibana kibofu, wengine hawausikii kabisa, wengine unaingia vijidudu wanarudi kuwekewa mrija, wengine mguu unavimba mpaka kiatu hakiingii. Hayo madai yatarudi mezani kwako miezi miwili baadaye na hakuna atakayekumbuka yalianzia wapi.

Sasa nisikudanganye kuhusu PET, maana wanaoiuza wanaisifu kupita kiasi. Mwaka 2021 ilitoka ripoti ya hospitali za vyuo vikuu vya UCLA na UCSF, Marekani, wanaume 277 walipigwa PET ya PSMA halafu wakafanyiwa upasuaji, wakalinganisha. Wenye saratani kwenye limfu PET iliwakamata 40 kwa 100, wasiokuwa nayo iliwaambia ukweli 95 kwa 100. Kwa hesabu ya mfano, chukua wagonjwa 100, 20 wanayo kwenye limfu: PET itawaona 8, 12 itawakosa, na wazima 4 itawasingizia. Chembe ya milimita 2 ndani ya tezi haing'ai vya kutosha ionekane. Kwa hiyo PET ikiwaka, iamini lakini kama ni kitezi kimoja cha mashaka lipieni biopsi ya sindano (kuchukua kipande chake kikapimwe), na isipowaka msiandike "limfu safi".

Hapo bosi atasema basi turudi kwenye kisu. Hapana, sikiliza. Hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, walichapisha 2021 utafiti wa wanaume 224 wenye hatari kubwa ambao vipimo havikuonyesha kitu kwenye limfu, nusu wakapigwa mionzi tezi dume peke yake, nusu na nyonga nzima. Baada ya miaka 5, ambao PSA haikuwarudia ni 95 kwa 100 kwa wale wa nyonga nzima, wenzao 81. Kwa mzee kama wenu, daktari wa mionzi anaweza kabisa kuipiga nyonga hata PET ikiwa safi, sasa kisu kimemletea nini ambacho kingebadilisha matibabu?

Tena kisu hakioni mifupa, na kwa PSA 24 mimi mifupa ndo inayonitia wasiwasi zaidi. Huko ndiko PET inakolipa. Australia, utafiti wa proPSMA wa 2020, wanaume 302, kwenye kuona kama saratani imesambaa PET ilikuwa sahihi 92 kwa 100, siti skani ikiungana na skani ya mifupa 65. Walipokuja kupiga gharama, PET ilitoka dola zao 1,203, zile mbili pamoja 1,412. Bei hizo msizilete Mombasa kama zilivyo, na tena hazikulinganishwa na upasuaji, ila mwelekeo unaeleweka, kipimo kimoja kimeziba nafasi ya viwili.

Kwa hiyo mimi ningelipia PET. Ila kabla hujasaini angalia kama kwenye maombi hayohayo wameweka siti skani na skani ya mifupa, mara nyingi zinaandikwa kwa mazoea, na kama zipo mpigie daktari wake muulizane bado anazihitaji za nini.