Nani alimpa Amin silaha?

Ndugu yangu, kusema kwamba Moscow peke yake ndiyo iliyompa Idi Amin nguvu ya kuvamia Kagera, Tanzania, mwaka 1978 ni kuanza hesabu katikati. Ni kweli kwamba ndege za MiG na vifaru vya T-55 vilitoka Umoja wa Kisovyeti, lakini jeshi la Uganda lililompindua Rais Obote mwaka 1971 na kumweka Amin madarakani lilifunzwa na Waingereza na Waisraeli. Wanunuzi wa kahawa wa Marekani nao walimpatia fedha za kigeni hadi Bunge lao lilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1978, huku ndege kutoka Stansted, Uingereza, zikimletea wiski ya kuwaridhisha maofisa wake. Lawama nzito zaidi naiwekea Libya, iliyotuma hata askari vita vikiwa vimeshapamba moto.