Ping inajibu, printa haichapi: ni nani anayejibu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tuna printa moja ya USB tuliyoiunganisha kwenye kisanduku cha seva ya kuchapia, na kisanduku kimechomekwa kwenye ruta. Tulikipa wenyewe anwani 192.168.1.105. Siku nyingine kompyuta zote tano zinachapa kutwa nzima. Siku nyingine Windows inasema printa haipo mtandaoni na kazi zinarundikana kwenye foleni, ingawa nikiipigia ping anwani hiyo najibiwa. Jioni tunazima kila kitu isipokuwa ruta. Draiva nimeshaiweka upya mara tatu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Draiva iache ilivyo. Ingekuwa mbovu, isingechapa hata hizo siku nzuri. Kilichonishtua katika maelezo yako ni hilo la kuzima kila kitu isipokuwa ruta.

Ping inakuambia kwamba kuna kifaa chenye anwani hiyo. Haikuambii ni kifaa gani. Kwa hiyo siku printa itakapogoma, chomoa kebo ya mtandao kwenye kisanduku, kisha piga ping tena. Hapo soma kwa makini: Windows inaweza kuandika mstari unaofanana na jibu, kumbe anwani iliyomo ni ya kompyuta yako mwenyewe, ikikuarifu kwamba kifaa unachokitafuta hakifikiki. Hilo si jibu. Lakini ukiona 192.168.1.105 inaendelea kujibu ilhali kebo umeishika mkononi, basi kuna kifaa kingine kimekalia anwani yako.

Kukitambua, andika arp -a kwenye dirisha la amri, utafute mstari wa 192.168.1.105 na ulinganishe anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) iliyo mbele yake na ile iliyobandikwa chini ya kisanduku. Zikitofautiana, umempata mvamizi. Tarakimu ya pili ya MAC hiyo ikiwa 2, 6, A au E, mara nyingi ni simu, maana simu za siku hizi hujitungia MAC ya bandia zinapoingia kwenye Wi-Fi.

Inakuwaje simu ikapewa anwani ya kisanduku? Ruta hugawa anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa kuvipa vifaa anwani bila mtu kuziandika, kutoka kwenye fungu lake, na mara nyingi namba ya mwisho ya anwani katika fungu hilo huanzia 100 au hata 2. Ninyi mliandika 105 kwenye kisanduku, lakini ruta haina habari. Usiku kisanduku kimezimwa, anwani inaonekana haina mwenyewe. Asubuhi mwenye simu akitangulia kuingia, huenda ruta ikamkabidhi hiyo hiyo. Kisanduku kikiwashwa baadaye, wanakuwa wawili kwenye anwani moja, na kazi zenu za kuchapa zinapelekwa kwenye simu isiyojua la kuzifanyia. Siku kisanduku kinapotangulia kuwashwa, mambo huwa shwari. Ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka.

Dawa ni kukitoa kisanduku ndani ya fungu la DHCP. Fungua ukurasa wa ruta, tazama fungu linaanzia na kuishia wapi, kisha chagua namba iliyo nje yake. Kama ni 100 hadi 199, kipe 192.168.1.240, na kinyago cha mtandao (subnet mask) kiwe kile kile cha ruta, kwa kawaida 255.255.255.0. Njia nyingine ni kuiagiza ruta ikitengee kisanduku anwani kwa kufuata MAC yake. Nayo inafaa, ila ruta ikibadilishwa agizo hilo linapotea, kwa hiyo mimi napendelea ile ya kwanza.

Baada ya hapo kila kompyuta iambiwe anwani mpya. Huna haja ya kufuta printa: ingia kwenye sifa zake, sehemu ya poti, uongeze poti mpya ya TCP/IP. Visanduku vingi hupokea kazi kwa poti 9100. Chako kikitaka LPR, njia nyingine ya kupokea kazi za kuchapa inayotumia poti 515, jina la foleni liandike kama lilivyo kwenye kijitabu chake, kwani likikosewa kazi zinaweza kukataliwa au kupotea bila karatasi kutoka. Hapo hapo kwenye mipangilio ya poti, ondoa alama ya tiki kwenye hali ya SNMP, njia ambayo Windows huitumia kuuliza hali ya printa. Visanduku vingi vya bei nafuu haviijibu SNMP ipasavyo, na Windows ikikosa jibu hilo hutangaza kwamba printa haipo mtandaoni hata kama ipo.

Na ikiwa ulipochomoa kebo ping ilinyamaza? Basi hakuna mvamizi. Rudisha kebo, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, uandike Test-NetConnection 192.168.1.105 -Port 9100. Mstari wa mwisho ukisema True, mtandao hauna kosa. Kagua waya wa USB, kisha uzime mawasiliano ya pande mbili kwenye sifa za printa, maana baadhi ya visanduku hupeleka data upande mmoja tu. Ukisema False huku ping ikijibu, zima kisanduku kwa nusu dakika, ukiwashe, ujaribu tena.

Anza na kuchomoa kebo, ila fanya hivyo siku printa imegoma. Siku nzuri jaribio hilo halitakuonyesha kitu.